Koti la Aba Mebrek

Mwizi anayeacha nishani na kubeba koti lenye viraka ni kichaa, au ni mtu anayejua barabara anachokitaka. Inspekta Mulugojam Ayele hakutamani kukutana na yeyote kati ya hao wawili, hasa siku ya kuamkia Sikukuu ya Ushindi, wakati nusu ya askari wa Addis Ababa walikuwa Arat Kilo wakipanga viti vya wageni. Alipiga magoti mbele ya sanduku la mbao, akachungulia tena. Sanduku halikuwa limeongeza kitu.

"Koti la kaki moja, kofia ya manyoya ya simba moja," alisoma Konstebo Girum kutoka kwenye karatasi yake. "Kuna kingine?"

"Andika na heshima ya familia," alisema Fikremariam. "Nayo imeibwa."

"Hiyo niiweke na nguo au na vyombo, bwana?"

Mulu alimkata jicho Girum, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Fikremariam ndiye aliyeita polisi. Alikuwa mwenye malori, mtu mzito wa mwili na wa maneno, na tangu asubuhi alikuwa amevaa suti kana kwamba sherehe ni ya leo. Kesho, mbele ya sanamu ya Arat Kilo, jina la babu yake, Desta mwenye cheo cha Balambaras, lingesomwa mbele ya umati, kisha picha yake itundikwe katika ukumbi wa wazalendo waliopigana na Waitaliano. Fikre angesimama pale na koti la babu mwilini na manyoya ya simba kichwani. Miaka yote ya utawala wa wanajeshi vitu hivyo vilikuwa vimefukiwa, maana enzi zile nishani ya mfalme ilitosha kumpeleka mtu jela. Sasa wanajeshi wameanguka, mwaka wa tatu huu, na familia inaitwa jukwaani kwa mara ya kwanza.

"Vilifukiwa wapi?" Mulu aliuliza.

"Chini ya mafiga ya jikoni. Mtumishi wetu wa zamani ndiye aliyevifukia, Wolete. Siku hizi ni mtawa huko, sijui kanisa gani."

Kikombe kiligonga sahani. Bi Askale, mama yake Fikre, alikuwa ameketi kwenye kigoda akikaanga kahawa, na hakuwa amesema neno tangu polisi waingie. Mulu alimtazama. Ukingo wenye nakshi wa netela yake, ile shuka nyeupe nyembamba, ulikuwa juu, umeizunguka shingo. Mama alipoona anatazamwa, aliigeuza netela haraka, nakshi ikashuka chini kama siku zote.

Katika mji ule hata mtoto anajua kwamba mwanamke hupandisha nakshi shingoni anapokuwa na msiba.

"Pole, mama. Umefiwa?"

"Nifiwe na nani? Nyumba yangu yote hii hapa, inanipigia kelele."

"Ufunguo wa sanduku unakaa wapi?"

Bi Askale alivuta uzi shingoni, ufunguo ukatokeza.

"Huwa unautoa lini?"

"Nikioga."

"Na unapooga, nani huwa karibu?"

"Inspekta, nikutajie na sabuni?"

Girum alikohoa. Mulu hakucheka, ingawa alitaka. Aliinama tena kwenye sanduku. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Kitambaa cheupe kilichokuwa kimefunika koti kilikuwa kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na juu yake mwizi aliweka kisahani cha chai chenye nishani mbili. Kwa nini ajisumbue kuzifungua pini, moja baada ya nyingine, halafu aziache?

"Mama, jana ulitoka?"

"Na magoti haya? Nitoke niende wapi?"

Karibu na mlango kulikuwa na viatu vyake vya mpira. Ua wa nyumba ile ulikuwa wa saruji tupu, lakini viatu vilikuwa na matope mekundu hadi kwenye vifundo, na jani jembamba la mkaratusi limenasa kwenye soli. Mulu aliviona. Alizitia nishani katika bahasha ya vielelezo, akaifunga, akatia sahihi juu ya gundi. Kisha akamwomba Fikre picha.

Alipewa mbili. Ya kwanza ilipigwa mwaka wa ushindi wenyewe: Balambaras Desta, jitu la mtu, ameegemea fimbo, koti amelitupia mabegani, mikono iko nje. Ya pili Fikre aliipiga mwezi uliopita kwa ajili ya ukumbi, koti likiwa kwenye hanga, upande wa mbele.

"Aba Mebrek," alisema Fikre, akigonga picha ya babu kwa kidole. "Mwenye radi. Ndilo jina lake la vita. Waitaliano walitangaza zawadi kwa atakayeleta kichwa chake, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona karibu akabaki hai kusimulia."

"Mbona hakuingiza mikono?"

"Ndivyo mashujaa walivyovaa."

"Na wewe mwaka huu ungevaaje?"

Fikre alivuta tumbo kidogo. "Lilinibana. Kitambaa cha zamani, kimesinyaa."

Mama alimimina maji kwenye birika ya udongo, akauliza bila kugeuka, "Mnaondoka saa ngapi?"

Mulu alitoka akiwa amechanganyikiwa. Amewahi kuona walioibiwa wakilia, wakitukana, hata wakizimia. Hakuwahi kumwona aliyeibiwa akitamani polisi washindwe.

*

Vitu vya kale vikiibwa Addis Ababa huishia Piassa, na Piassa huishia kwa Garabed, Mwarmenia aliyezaliwa hapohapo nyuma ya duka lake. Alikuwa akipiga msasa upanga mpya uonekane wa zamani. Alipowaona polisi aliuweka chini polepole, akaukalia.

"Manyoya ya simba?" alisema. "Wiki hii nimeletewa mawili. Moja la nyani. La pili lilikuwa zulia."

"Na koti la kaki?"

"Koti hakuna. Lakini alikuja mzee kutaka kuazima manyoya. Kuazima, Inspekta, kwangu. Nikamwambia hapa si maktaba."

"Alisema ni ya kazi gani?"

"Ya msiba. Anataka yatundikwe siku moja, halafu arudishe. Nikamnyima, na tangu juzi roho inanisuta, kwa hiyo usiniongezee."

"Unamjua?"

"Nani asiyemjua? Gashe Woldekidan, wa chama cha wazalendo. Gwaride zima hutembea nyuma yake."

Walipotoka, Girum alikuwa ameshaimaliza kesi. "Mzee kanyimwa hapa, kaenda kujihudumia kule. Majirani wanasema huwa anakunywa kahawa kwa Bi Askale. Anajua sanduku lilipo."

"Na ufunguo?"

"Mama alipooga."

"Basi kamwambie Fikremariam wewe."

*

Ukumbi wa wazalendo ulinuka rangi mbichi. Vijana wa kukodiwa walikuwa wakigongomea misumari ya picha za kesho, na Gashe Woldekidan alikuwa ameketi peke yake mwishoni, mwembamba, wima, gwanda la kijeshi limepigwa pasi mpaka linakata. Lakini kidevu chake hakikuwa kimenyolewa. Ndevu nyeupe za siku kadhaa zilimtambaa mashavuni. Mulu alisimama akazitazama. Mwanamume asiyenyoa ana msiba, na askari mzee asiyenyoa siku ya kuamkia gwaride ana msiba mzito.

"Gashe," Mulu alisema, kwa heshima anayoitiwa mzee, "uliomba manyoya Piassa."

"Niliomba, nikanyimwa. Ni kosa?"

"Halafu sanduku la Balambaras likafunguliwa."

"Mimi si mwizi, binti yangu. Maishani nimeiba bunduki tu, na mwenyewe alikuwa Mwitaliano."

"Nani amekufa?"

Mzee alisogeza magongo yake, akayaweka vizuri, yakiwa tayari yamekaa vizuri.

"Ulipigana chini ya Balambaras Desta?" Mulu aliendelea.

"Nilipigana chini ya Aba Mebrek."

"Si ndiye huyohuyo?"

"Balambaras alivunjika mguu mwezi wa kwanza wa vita. Tulimbeba kwa machela hadi pangoni. Hakusimama sawasawa mpaka Waitaliano walipoondoka."

"Sasa alipiganaje miaka mitano?"

"Mimi niliapa, binti. Usinivunjishe kiapo."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa Aba Mebrek."

"Aba Mebrek alizikwa kabla mfalme hajapinduliwa, Gashe. Nusu ya mji ilikwenda mazikoni."

Mzee alimtazama, macho yamemjaa maji. "Aba Mebrek amekufa juma hili," alisema. "Leo ni siku yake ya tatu. Kama unanikamata, nikamate kesho. Leo nina pa kwenda." Alichukua magongo yake akatoka, na Mulu, ambaye alikuwa na kila haki ya kumzuia, alijikuta akimshikia mlango.

"Uzee," alisema Girum. "Kichwa kimemwondoka."

Mulu alitoka kuelekea kwenye gari. Mtu mmoja hawezi kulala pangoni na mguu uliovunjika huku anavamia malori ya Waitaliano barabarani. Wala hawezi kufa mara mbili. Maelezo yalikuwa yanagongana, na kila shahidi aliyemuuliza alimwachia giza zaidi ya alilomkuta nalo. Alifungua mlango wa gari, akazipanga zile picha mbili juu ya boneti.

Jitu la mtu, koti mabegani. Tajiri wa malori, koti halifungiki. Wanaume wawili wakubwa, na wote wawili halikuwaingia. Mulu aliiinua picha ya hanga akaisogeza kwenye jua. Kitambaa cha kifuani kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikapauka, mistari miwili mipana, mmoja kutoka kila bega, ikikutana kifuani na kushuka kiunoni.

"Hiyo ni mikanda ya risasi," alisema Girum.

"Wazee wetu walifunga risasi wapi?"

"Kiunoni." Alifikiri. "Kiunoni tu."

"Sasa ni nini kinachopita mabega yote mawili, kikafungwa mbele, kila siku, mpaka kaki inasuguka namna hii?"

"Mzigo."

"Mama yako alikubeba na nini, Girum?"

"Na mbeleko ya ngozi, kama kila mtu. Kamba moja inapita hapa, ya pili hapa, halafu mnafunga hapa..." Vidole vyake vilikuwa vimeshuka kifuani mwake vyenyewe, juu ya sare, vikifuata mistari ileile ya kwenye picha. Vilifika kwenye fundo vikasimama. "Inspekta," alisema.

"Ndiyo."

"Aba Mebrek alikuwa na mtoto mgongoni."

"Mtoto aliyezaliwa mwaka Waitaliano walipoingia. Sasa anakaribia miaka sitini, na magoti yanamuuma."

Mengine yalijipanga yenyewe. Wolete, mtumishi aliyefukia nishani chini ya mafiga. Wolete aliyekwenda utawa, na kanisa ambalo Fikre hakujishughulisha kulijua. Matope mekundu na jani la mkaratusi, vitu ambavyo viatu vya Gulele, mtaa wa Bi Askale, huviokota mahali pamoja tu vikipanda mlima. Mulu aliona haya kidogo. Netela ile ilikuwa imemwambia kila kitu asubuhi, naye akaipa pole akaendelea kuuliza habari za sabuni.

"Entoto," alisema. "Endesha."

Girum aliwasha gari, na kwa kuwa taratibu ni taratibu, alichukua redio akaarifu kituoni kwamba mali inafuatwa Entoto, kanisa la Mariamu. Mulu alisikia akiwa amechelewa kumzuia.

*

Turubai la msiba lilikuwa nyuma ya kanisa, dogo, limefungwa kwenye mikaratusi. Watawa walikuwa wameketi upande mmoja, wazee wachache wenye nishani upande wa pili. Gashe Woldekidan alikuwa amefika. Katikati palisimikwa mti, na juu yake manyoya ya simba, na chini ya manyoya, upande wa mbele ukiwaelekea waombolezaji, koti la kaki. Ndivyo anavyoliliwa shujaa: nguo zake zinasimama mahali pake.

Bi Askale alikuwa amesimama mbele ya koti, nakshi shingoni, analishika mkono na kuuinua, analishika mkono na kuuinua, kama waliavyo watu wa kwao. Hakugeuka.

"Umechelewa, Inspekta," alisema. "Nilidhani utakuja kabla ya mchana."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Mbele ya mwanangu? Suti ameshavaa."

Mulu alivua kofia akaketi kwenye benchi. Hapo ndipo breki zilipolia nje na Fikremariam, aliyekwisha kuarifiwa na kituo, akaingia, jasho linamtiririka. Aliona koti, akashusha pumzi. Kisha akamwona mama yake.

"Mama? Ni wewe uliyelichukua?"

"Ni mimi."

"Ukaniacha niite polisi?"

"Ungeniuliza kwanza. Hukuniuliza, uliwaita tu."

"Huyu aliyekufa ni nani?"

"Kaa chini, Fikre."

"Kesho asubuhi..."

"Kaa."

Alikaa. Benchi lilipinda. Bi Askale aliliachia koti, akasema naye kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia siku zote kwamba chakula kiko mezani.

"Mama yangu alikufa kwa mabomu. Baba alivunjika mguu, tukamficha pangoni. Kulikuwa na watu wa kuongoza na bunduki moja, na hapakuwa na wa kuniachia. Wolete alikuwa msichana wa jikoni. Alichukua bunduki ya baba, akanifunga mgongoni akashuka. Watu wakasikia Aba Mebrek, Aba Mebrek, na kila mtu akadhani ni bwana mwenyewe. Nani angefikiria jikoni?"

"Babu alipewa nishani na mfalme," Fikre alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua unene.

"Ushindi ulipopatikana wakubwa walipanda kumtazama Aba Mebrek. Baba akamwambia Wolete avue koti. Nilikuwepo. Alilivua, akampa. Halikumwingia, akalitupia mabegani, wakapiga picha."

"Na yeye Wolete?"

"Alikwenda kuwapikia wageni. Na aliendelea kupika mpaka wewe ukaota ndevu. Ulikula mkononi mwake, Fikre, na jina la kanisa lake hulijui."

Gashe Woldekidan alijifuta macho kwa kiganja. "Alituapisha," alisema. "Alisema huyu mtoto anahitaji baba mwenye jina zaidi ya yeye anavyohitaji jina. Sasa amekufa, na ninyi mmeshasema, sijui kama kiapo bado kipo."

"Kwa nini nishani uliziacha?" Mulu alimuuliza Bi Askale. Ndilo swali pekee lililokuwa limebaki.

"Niliona haya. Mfalme alizitia mkononi mwa baba. Nikaona nikizibeba nitakuwa nimemwibia."

"Zilipewa Aba Mebrek," alisema mzee. "Zimeandikwa hivyo mgongoni. Balambaras hajaandikwa popote."

Mulu alitoa bahasha mfukoni. Aliitazama sahihi yake mwenyewe juu ya gundi, akaipasua.

"Inspekta," Girum alinong'ona, "hicho ni kielelezo."

"Kielelezo cha wizi gani? Mwenye ufunguo amefungua sanduku lake. Kaandike hivyo."

Bi Askale alizipokea. Alizichomeka moja baada ya nyingine kwenye koti pale mtini, mahali matundu ya pini yalipokuwa yakizingoja. Fikremariam alikuwa ameinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka watawa wakaanza kumtazama.

"Kesho watasoma jina la babu," alisema mwishowe. "Nitawaambia nini?"

"Ni baba yangu. Nilimpenda, na alidanganya. Mimi nitakwenda kuwaambia. Wewe utanishika mkono, maana magoti haya ni ya kweli."

"Na koti? Mimi halinitoshi, mama. Halikusinyaa, eti?"

"Halikusinyaa."

Alilitoa mtini. Aliingiza mkono mmoja, kisha wa pili, na koti likamkaa. Alifunga vifungo kutoka chini, lakini kile cha juu vidole vyake vilikishindwa. Fikre alisimama, akakifunga yeye, taratibu, kwa mikono ile mikubwa ya kuendeshea malori. Halafu akamzungusha mama yake kumnyoosha ukosi kwa nyuma, na hapo akasimama.

Kila mahali jua la miaka ile lilikuwa limeipausha kaki mpaka ikafanana na majani makavu, isipokuwa mgongoni. Katikati ya mgongo palikuwa na kipande cha rangi mbichi, ya siku koti liliposhonwa, kimejikunja kama mtoto aliyelala. Alikuwa amekiona mara nyingi, akidhani ni doa.

Fikremariam aliweka kiganja juu yake. "Hapa ndipo ulipokuwa," alisema.

"Hapo," alijibu mama yake. "Miaka yote mitano. Nilikuwa nasikia moyo wake kabla ya risasi."